Uzi wa Buluu

Jumapili, tarehe 3 Machi

Mwanangu Bobini,

Naandikia hapa hapa kwenye meza ya kukatia nguo, kwa hiyo ukiona vumbi jeupe kwenye karatasi ujue ni chaki, si unga. Wiki mbili sasa tangu gari la kampuni likuchukue kwenda kwenye hayo mafunzo. Nyumba imenyamaza mpaka nasikia cherehani linavyolalamikia mafuta.

Dereva Kofia kanieleza kwamba simu zenu zinaachwa getini mpaka miezi mitatu iishe, na kwamba barua atabeba yeye. Haya. Darasa la nne langu unalijua, naandika ninavyosema, na pale nisipoeleweka soma kwa sauti utanisikia.

Sasa nikuulize. Uzi uko wapi? Nilikupa bobini nzima ya uzi wa buluu, nikakuwekea mfuko wa shati kwa mkono wangu. Unajua kazi yake. Zungusha kiunoni juu ya kitovu, usivute tumbo ndani kama mwanajeshi, kata, funga mafundo mawili huku na huku lile fundo letu, tia kwenye bahasha. Tangu mdogo nikikuuliza umekula unasema nimekula. Mdomo wako hunidanganya, kiuno chako hakijui. Siku unaondoka ulikuwa inchi thelathini na mbili, nimeandika. Nimepata kitambaa cha kijivu, kizito, cha suruali ya siku utakayorudi. Sitakikata mpaka nijue kipimo.

Hapa kazi ipo, ila ya ajabu. Wanaume wa kiwanda chenu cha betri hawaleti tena vitambaa, wanaleta suruali za kupunguza. Baba Pacha wa kwenye tanuri kaja mara ya tatu mwaka huu. Nikamwambia, "Shemeji, nikiendelea kukata hivi, mfuko wa kulia utasalimiana na wa kushoto." Alicheka, halafu akashika meza, akasema tumbo linamkata. Mkono wake ulikuwa unatetemeka kama unashika cherehani linalokimbia. Baada ya kuondoka nikafungua daftari la vipimo kutafuta kipimo chake cha zamani. Nikafungua na cha mwenzake, na cha mwenzake. Nikalifunga. Siku nyingine nitakueleza.

Kula. Lala. Niletee uzi.

Mama yako


Ijumaa, tarehe 8 Machi

Mama yangu,

Shikamoo. Nimepata barua yako na chaki yake. Mimi mzima. Chumba ni kizuri, kina kitanda, meza, na dirisha linalotazama ukuta. Chakula kinaletwa mlangoni. Darasani hatuko wengi. Mratibu wa Mafunzo ni mtu mpole, anaongea kwa sauti ya chini hata akiwa karibu.

Mama, nina kazi moja ya kukupa. Ile kompyuta yangu ya zamani iliyo chini ya kitanda, ndani ya foronya, imeingiwa na virusi vibaya. Naomba umpelekee Fundi Miwani aifute. Mwambie hivi hivi nilivyoandika: si kufuta mafaili moja moja. Diski nzima ifutwe, kila kona, halafu aweke mfumo mpya kana kwamba mashine imetoka dukani leo. Akimaliza aandike karatasi na kutia saini kwamba hakuna kilichobaki ndani ya mashine. Karatasi hiyo mpe dereva.

Usiiwashe wewe, na usimwambie jirani yeyote. Ni virusi tu, lakini watu hukuza mambo.

Uzi huu hapa. Usiwe na wasiwasi, maji ya huku ni mazito, yanapunguza hamu ya kula siku za mwanzo.

Mwanao,
Bobini


Jumatatu, tarehe 11 Machi

Mwanangu,

Nimepima. Thelathini na moja. Inchi nzima ndani ya siku ishirini. Maji gani hayo ya kula watu?

Na bahasha yako, mwambie anayewauzia kwamba anawaibia. Ilifika imebanduka na kubandikwa tena kwa gundi nyeupe, imejikunja kama mshono wa mwanafunzi. Nunua zingine.

Hiyo kazi ya kompyuta nimeisoma mara nne. Mimi si msomi, lakini kuna kitu hakinikai. Umeondoka umeifunga kwenye foronya kama mtoto mchanga, haijawashwa, haijatoka chini ya kitanda. Hao virusi wameingilia wapi, wametambaa sakafuni? Nakumbuka jioni zile ulivyokuwa unaandika humo, ukinikataza kuwasha redio. Nakumbuka Baba Pacha na wenzake wakija mmoja mmoja na suruali mkononi, mimi nikijua ni wateja wangu, kumbe wakipita moja kwa moja mpaka chumbani kwako na kukunja mikono ya mashati wakuonyeshe mahali walipotolewa damu kule kliniki ya kiwanda. Sikuuliza. Nilijisemea mwanangu ni karani wa kumbukumbu, watu wanataka kujua majibu yao, basi.

Halafu humo ndimo alimo baba yako. Ile sauti yake akicheka siku alipojifunza kuendesha pikipiki akaingia kwenye banda la kuku. Na picha zake zote. Kitu kikifutwa kwenye hiyo mashine kinakwenda wapi? Kinarudi?

Nijibu hilo kwanza. Sijakataa. Mzazi hakatai, anauliza tu.

Mama yako


Ijumaa, tarehe 15 Machi

Mama,

Usiulize tena. Nakuomba kama nilivyokuwa nakuomba maji nikiwa na homa. Futa.

Mratibu ameniahidi kwamba mashine ikithibitishwa kuwa safi nitaruhusiwa kuja nyumbani, hata kabla ya miezi mitatu. Kwa hiyo ukiifuta unanileta. Ukichelewa unanichelewesha. Picha za baba nazikumbuka zote. Sauti yake pia.

Samahani kwa mwandiko, meza inayumba.

Uzi umo.

Bobini


Jumatano, tarehe 20 Machi

Mwanangu mpenzi,

Tulia sasa, imekwisha. Nakueleza yote ili upumue.

Kwanza uzi. Ishirini na tisa na nusu. Nilipima, nikapima tena, nikabadilisha tepu nikidhani imevutika. Nikaifunga foronya begani na kwenda kwa Fundi Miwani kabla hata hajatoa kiti nje.

Anakusalimu sana, anasema bado mna ugomvi wa yule kuku mliyemnyoa shuleni. Akaifungua mashine, akachomeka kidude, skrini ikawa buluu. Nikamsomea maneno yako. Akaniambia, "Mama, Bobini anajua anachosema. Watu wengi wakifuta wanang'oa tu ukurasa wa mwanzo wenye orodha, kitabu chenyewe kinabaki. Huyu anataka kila ukurasa uandikwe juu yake mpaka usisomeke." Nikamwambia naelewa, ni kama kufumua suruali. Uzi unatoka, lakini matundu ya sindano yanabaki, anayejua anaona mshono ulipopita. "Basi," akasema, "leo tunaondoa na matundu."

Mashine ikauliza kama tuna uhakika. Yaani inauliza kabisa, kama mtu! Fundi akaweka kidole juu ya kitufe, akanitazama juu ya miwani.

"Fundi, subiri," nikasema. "Umekata karatasi?"

"Karatasi gani tena, mama?"

"Mimi miaka thelathini sijawahi kutia mkasi kwenye kitambaa cha mtu kabla sijakata karatasi yake nikaiweka. Kitambaa kikiharibika, karatasi ipo. Mtu akifa, karatasi yake ipo."

Akacheka mpaka akavua miwani. "Kumbe unataka nakala!"

"Kama nakala ndiyo karatasi, nataka nakala."

Basi akatoa nakala ya kila kitu akaitia kwenye flashi ndogo, haizidi ukucha wa dole gumba. Ndipo akabonyeza. Tangu asubuhi mpaka jua linainama, mstari ulikuwa unasogea pole pole kwenye skrini, asilimia moja, asilimia mbili, na mimi nimekaa pale nashona vifungo vya watu nikiutazama kama anayetazama mgonjwa. Ulipofika mwisho akaweka mfumo mpya. Mashine ikaamka haijui kitu. Ikauliza lugha. Ikauliza saa. Ikauliza jina la mwenyewe, na Fundi akaniambia niandike mimi. Nikaandika jina lako kwa kidole kimoja. Ikasema karibu, kana kwamba hamjawahi kuonana. Nilitoka nje kidogo.

Karatasi ya saini hii hapa, nampa dereva. Imesema kweli tupu: ndani ya mashine hakuna kilichobaki. Na wewe usihuzunike kwa ajili ya baba yako, yupo salama na mambo yako yote yapo salama, flashi nimeishonea ndani ya kimto changu cha pini. Nani atatafuta mahali penye sindano mia?

Sasa waambie wakulete.

Mama yako


Ijumaa, tarehe 22 Machi

Mama Mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta ukiwa na afya njema. Mimi ninaendelea vizuri sana na mafunzo, na chakula ni kingi. Ninakuandikia kwa mashine ya chapa kwa sababu mkono umechoka kwa kuandika masomo.

Nimefurahi sana kwa kazi nzuri uliyoifanya. Ile nakala uliyoihifadhi kwenye kimto cha pini ninaihitaji hapa kwa ajili ya masomo yangu. Tafadhali mkabidhi dereva leo hii. Usiifungue na usimpe mtu mwingine.

Nimeweka uzi kama ilivyo kawaida yetu.

Wako mwaminifu,
Bobini


Jumamosi, tarehe 23 Machi

Fundi Miwani, mwanangu,

Anayekuletea barua hii ni mke wa Baba Pacha, na suruali aliyoibeba si ya kupunguza. Fumua pindo la mguu wa kushoto. Kilichomo unakijua, ulikitengeneza wewe.

Jana dereva kaniletea barua iliyopigwa chapa. Imesema ni ya Bobini. Imesema anashiba. Ndani mna uzi. Fundi, ule uzi ni mweupe. Mwanangu ana uzi wa buluu, bobini nzima. Fundo lake moja tu, limefungwa ovyo kama la kufunga gunia. Nikaupima. Inchi thelathini na nne na robo. Wiki iliyopita alikuwa ishirini na tisa na nusu. Binadamu hajazi inchi tano kwa siku saba, hata akimeza pampu ya baiskeli.

Nikakaa. Halafu nikajiuliza thelathini na nne na robo ni ya nani, kwa sababu kipimo hicho nilishawahi kukiandika. Nikafungua daftari. Ni cha Dereva Kofia. Nilimshonea sare mwaka juzi. Walimwambia ajizungushe uzi, akajizungusha.

Umeona nilichofanya? Bahasha zilikuwa zinafika zimebanduliwa, na mimi nagombana na muuza bahasha! Wanasoma zake, wanasoma zangu. Mimi mwenyewe, kwa mkono wangu, kwa furaha yangu, nimewaandikia kwamba karatasi ipo na mahali ilipo. Mdomo uliponza kichwa, lakini wangu umeponza kichwa cha mwanangu.

Dereva nimemwambia kimto nimemwazima shoga yangu, arudi Jumatatu. Hakunitazama usoni. Akasema, "Mama, tafadhali kitafute," kama mtu anayeniombea, si kama anayenitisha. Hilo ndilo limeniogopesha zaidi.

Fungua hiyo flashi uniambie mwanangu alikuwa anaandika nini jioni zile. Niambie kwa lugha ya mtu wa darasa la nne, na usinifiche. Kisha kata karatasi nyingine, na nyingine.

Mama Bobini


Jumatatu, tarehe 25 Machi

Mama,

Shikamoo. Naandika haraka, nimemwomba mke wa Baba Pacha asubiri mlangoni.

Niliifungua Jumamosi hiyohiyo. Picha za baba zimo. Na kuna orodha moja ndefu. Ni majina ya wanaume sitini na mmoja wa kiwandani. Mbele ya kila jina kuna namba mbili. Ya kwanza Bobini ameiita "iliyopimwa". Ya pili ameiita "niliyoambiwa niandike". Ni kiasi cha madini ya risasi kwenye damu, mama, sumu ile ya betri. Namba ya kwanza inapanda kila miezi mitatu. Ya pili haipandi kamwe. Wale watu wamepewa karatasi za kliniki zinazosema ni wazima, na yeye ndiye aliyekuwa analazimishwa kuziandika. Kwa hiyo akawa anaandika za kweli nyumbani.

Uliniambia nisikufiche. Jina la sitini na moja ni lake. Chumba chao cha kumbukumbu kiko juu ya tanuri. Namba yake ni kubwa, mama. Ameandika pembeni: anatakiwa hospitali, dawa ipo, asichelewe.

Sasa nisamehe. Nilikuwa natafuta flashi nyingine nitoe nakala kama ulivyosema, na mtandao ulikuwa umekatika tangu asubuhi. Wakaingia watu wawili wenye viatu safi. Jina langu wanalo, liko kwenye ile karatasi ya saini. Hawakupiga kelele. Mmoja akafunga mlango, mwingine akaniuliza, "Fundi, umekata karatasi ngapi?" Mama, neno lako mwenyewe, "karatasi". Wamechukua flashi, wamechukua na kompyuta zote za wateja zilizokuwa mezani. Wakaketi wakasubiri mpaka nikaifuta na ya kwangu mbele yao, ule mstari ukitambaa hadi mwisho. Wakaniambia nina mikono mizuri, niitunze.

Hakuna kilichobaki. Nafunga duka, nakwenda kwa dada yangu kwa muda. Na wewe ondoka pale nyumbani.

Miwani


Ijumaa, tarehe 29 Machi

KWA MAMA MZAZI WA KARANI WA KUMBUKUMBU

Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Tunapenda kukujulisha kwamba mafunzo ya mwanao yameongezwa muda. Tarehe ya kumalizika itatangazwa. Kwa sasa hayuko katika nafasi ya kuandika wala kupokea barua, hivyo usijisumbue.

Tunathibitisha kwamba vifaa vyote vilivyokuwa na kumbukumbu za kiwanda vimesafishwa ipasavyo na kwamba hakuna kumbukumbu yoyote iliyobaki nje ya ofisi zetu. Tunakushukuru kwa ushirikiano wako. Bila barua zako zoezi hili lingechukua muda mrefu.

Mratibu wa Mafunzo


Jumatatu, tarehe 1 Aprili

Bobini mwanangu,

Barua hii sikumpa dereva. Nimeibeba mwenyewe, na atakayefungua geti ndiye nitakayemwekea mkononi. Kwa kuwa najua haitafika kwako kabla haijasomwa, acha niseme kwanza na huyo msomaji.

Baba, wewe mwenye sauti ya chini. Umezisoma barua zangu zote, kwa hiyo hatuko wageni. Ila umezisoma kwa haraka. Umeona kompyuta, umeona flashi, umeona kimto. Ungesoma taratibu ungeona kitu kingine, kimo tangu barua ya kwanza, hakikufichwa hata kidogo. Mimi nina daftari. La karatasi, lina jalada jekundu, limeloa chai pembeni. Miaka sita ya vipimo vya wanaume wa kiwanda chako, jina, tarehe, kiuno, paja, bega. Baba Pacha alianza na thelathini na sita, leo ana ishirini na nane. Anayemfuata alianza na thelathini na tatu, leo anafunga kamba. Wanaume hamsini na nne. Damu sijui kuipima, lakini mwili napima, na sijawahi kuambiwa na mtu niandike namba ya pili.

Nimejifunza kitu kwa yule fundi mliyemfukuza mjini. Alinieleza kwamba kufuta kweli ni kuandika juu ya kila ukurasa. Basi ukitaka kulifuta daftari langu, itabidi uwanenepeshe watu hamsini na nne.

Tangu Jumanne mpaka jana wake zao wamekaa chumbani kwangu wakinakili, anayejua kuandika na anayejua kuchora namba tu. Kila nyumba ina karatasi yake. Zingine zimeshapanda mabasi, na sijui hata mimi zinashukia wapi, kwa hiyo usinisumbue kuniuliza.

Sasa nimemaliza na wewe. Mpe mwanangu barua yake.

Bobini, baba. Jumamosi Dereva Kofia alikuja bila gari. Alisimama mlangoni kavua kofia, sikujua kama ana upara. Nilikuwa nimejiandaa kumtukana mpaka matusi ya ukoo wake, nikaona mkono wake umefumba kitu. Akakifungua. Uzi wa buluu. Mafundo mawili huku, mawili huku, fundo letu. Akasema, "Aliniomba nikuletee huu tu. Hakuwa na nguvu ya kuandika." Kisha akasema, "Ule mwingine ulikuwa wangu, mama. Nisamehe." Nikamwambia najua, na kwamba hajanenepa hata robo.

Ishirini na saba, mwanangu. Ulikuwa na kipimo hicho ukiwa na miaka kumi na miwili.

Nimelia siku moja, Jumapili, nikamaliza. Leo nimekuja. Hospitali tumeshaulizia, dawa ipo kama ulivyoandika, na Dereva Kofia ameleta gari hilo hilo walilokuchukulia. Lipo hapa nje, injini inanguruma, hataki kuizima akihofia haitawaka. Sikuja peke yangu. Ukisikia kelele usiogope, ni wanawake. Kila mmoja amekuja na suruali mbili za mumewe, ya zamani na ya sasa, na tunazifunga kwenye uzio wa nyumba hii moja pembeni ya nyingine, kuanzia geti mpaka pale ukuta unapokata kona. Upepo ukivuma zile za zamani zinajaa, utadhani wenyewe wamerudi ndani. Watu wa barabarani wameanza kusimama. Wanauliza. Tunawajibu.

Chumba chako sijui ni kipi. Ulisema dirisha linatazama ukuta. Basi ukiweza kusogea, gonga kioo. Ukishindwa kugonga, dondosha chochote, nitasikia. Nilikusikia ukiwa tumboni, nitashindwa na ukuta?

Ndani pamekuwa kimya tangu tufike. Mlinzi amechungulia mara mbili akarudi. Pazia moja la juu limefungwa sasa hivi nikiwa naandika mstari huu.

Kitambaa cha kijivu bado sijakikata. Nimekileta, kiko begani, na tepu iko shingoni. Uzi nimekwisha kuukataa. Kiuno chako nitakipima mwenyewe, leo, kwa mikono yangu, na wewe unapumua.

Mama yako,
niko hapa getini